Samli ya Bi Mwanakombo na Kielelezo C

Nchi yenyewe inaitwa Utakasoni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, haimo, na mkiona inafanana na nchi mnayoijua, kosa ni la macho yenu, mimi simo. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba ni nchi safi. Usafi wake umeandikwa kwenye noti, kwenye mihuri ya serikali, na kwenye ubao mkubwa pale uwanja wa ndege, jirani na dimbwi la majitaka. Wizara yake kubwa kuliko zote ni Wizara ya Vyakula, Vinywaji na Vinavyofanana Navyo, yenye maofisa elfu nne, magari mia tisa na maabara moja.

Katika nchi hiyo alikuwepo mjane aitwaye Bi Mwanakombo, mpika samli wa mtaa wa Kwa Mng'aro. Samli yake ilikuwa na sifa, jamani. Ukipita mtaa wa tatu siku anayopika, unajikuta umesimama njiani, umesahau ulikokuwa unakwenda, unamkumbuka mama yako. Aliipika katika sufuria moja tu la shaba, alilorithi kwa mama yake, aliyelirithi kwa mama yake naye, sufuria kubwa ambalo ukilifudikiza linamfunika mbuzi mzima na pembe zake. Kila Ijumaa alilisugua kwa majivu na ndimu huku akilisimulia habari za mtaani. Hakuwa na mtoto, na watu wa Kwa Mng'aro walikuwa hawacheki wakimkuta anazungumza nalo.

Sasa sikilizeni sheria ya nchi ile. Anayepatikana na hatia ya kuchakachua chakula hafungwi jela, kwa sababu jela zimejaa watu waliouliza maswali. Anatobolewa sufuria. Sufuria lake linapelekwa Uwanja wa Utakaso, bendi ya polisi inapiga, Waziri anahutubia saa mbili, kisha mtu mmoja aliyevaa glavu nyeupe anakuja na keekee na kulitoboa katikati, kweupe, watu wanapiga makofi. Mwenye sufuria haruhusiwi kupika cha kuuza mpaka anaingia kaburini.

Bi Mwanakombo aliwahi kwenda kutazama mara moja tu, sufuria la muuza maandazi lilipotobolewa. Alirudi nyumbani akalala siku mbili na homa.

*

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Bi Mwanakombo anakoroga, akasikia mtu mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu, pita ndani."

Aliyeingia alikuwa Bwana Hemedi Shekue, Afisa Sampuli Daraja la Pili. Mtu mwembamba, mstaarabu, suruali imeshikwa na mkanda uliotobolewa matundu ya ziada kwa msumari. Alivua viatu, akasalimia, akaulizia afya, halafu ndipo akaona haya.

"Nimetumwa kuchukua sampuli, mama. Si mimi, ni kifungu cha arobaini na moja."

Kifungu hicho kilisema hivi: sampuli yoyote itagawanywa mafungu matatu yaliyo sawa, kila fungu litatiwa chomboni na kupigwa lakiri nyekundu mbele ya mwenye chakula. Fungu la kwanza liende maabara, la pili likae mahakamani, na la tatu abaki nalo mwenyewe, ili asiporidhika na maabara alipeleke likapimwe upya. Kifungu kizuri sana, kilichotungwa na watu waliokula vizuri.

Kilichokuwa hakijatimia ni vyombo. Zabuni ya chupa za sampuli ilikuwa na miaka saba, kwa sababu kamati haikuwa imekubaliana kuhusu umbo la kifuniko. Kwa hiyo maofisa walibeba chupa za makwao. Bwana Shekue alitoa tatu mkobani: moja ya kahawa, moja ya jemu iliyooshwa mpaka inalia ukiipitishia kidole, na moja ambayo ilikuwa bado imebandikwa karatasi iliyosema ACHARI YA EMBE, KALI. Alipofungua kifuniko cha hiyo ya mwisho, paka wa Bi Mwanakombo alipiga chafya na kutoka nje.

"Mwanangu, hiyo chupa inanuka."

"Kanuni inasema chombo kiwe kikavu, mama. Haikusema kisinuke. Na kwetu maji yamekatwa tangu Alhamisi."

Akajaza zote tatu. Kisha, kama kanuni inavyoagiza ili kuepuka upendeleo, akafumba macho, akazizungusha zile chupa, akagawa. Ya achari ikaangukia maabara. Ya kahawa ikaangukia mahakama. Ile safi ya jemu ikabaki kwa Bi Mwanakombo.

"Hili ni fungu lako," alimwambia, akiidondoshea lakiri, "lakini ni mali ya Mahakama. Uliweke juu ya kabati. Usilifungue, usiligeuze, usilizoee."

Alipokuwa anavaa viatu macho yake yalirudi kwenye sufuria. Akalisogelea, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Marehemu baba alikuwa fundi wa kuziba masufuria," alisema. "Mikono hii ilishika nyundo kabla ya kushika kalamu. Baba angelikuta hili, angelisalimia kwanza."

Bi Mwanakombo alimpenda kwa neno hilo, na ndiyo bahati mbaya yenyewe ilipoanzia.

*

Wiki tatu baadaye maabara ilitoa cheti. Katika samli ya Bi Mwanakombo kulikutwa chumvi, siki, pilipili kichaa, bizari, na kipande cha embe chenye ganda lake.

Nchi ilitikisika. Mpimaji Mkuu aliita waandishi wa habari, akavaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya heshima, akatangaza kwamba wachakachuaji wamegundua mbinu mpya kabisa duniani. Mwandishi mmoja akauliza mtu anatiaje embe kwenye samli bila mnunuzi kuliona. Mpimaji Mkuu akasema hapo ndipo ulipo ujanja wao. Yule mwandishi hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Siku ya pili wakaja askari wanne wakalibeba sufuria. Bi Mwanakombo aliwafuata mpaka kona, kanga imemdondoka begani, akisema, "Taratibu jamani, msilikwaruze, taratibu!" Waliliandika Kielelezo A. Nyumba ilibaki na alama ya duara jikoni, pale lilipokaa miaka yote, na yeye akawa anaizunguka asiikanyage.

Saa saba mchana ya siku hiyo hiyo akaja Bwana Shekue na samansi. Alikuja kwa miguu, jua la utosi, kwa sababu magari yote mia tisa yalikuwa yamemsindikiza Waziri kwenda kufungua bomba. Shati limemganda mgongoni, midomo imemkauka.

"Nimekuletea habari mbaya, mama."

"Nimeshaziona zimebebwa. Kaa kwanza, mwanangu. Umekula?"

"Bado, mama, lakini..."

"Lakini nini? Kwa Mng'aro hapa mtu haondoki na njaa, hata awe kaleta kifo."

Na kweli, ndivyo walivyo watu wa mtaa ule. Mwizi akikamatwa anapigwa, halafu anapewa chai. Bi Mwanakombo aliingia jikoni akakuta mkate wa kumimina wa jana, mkavu, hauna hata cha kupaka, maana samli ya wiki ile ilikuwa imeshauzwa yote. Mkate mkavu kwa mgeni? Aibu gani hiyo! Akatazama huku, akatazama kule, akainua macho juu ya kabati. Mgeni alimkumbuka, Mahakama akaisahau. Akachukua kisu, akabandua lakiri.

Bwana Shekue alikula. Kipande cha kwanza alikula kwa adabu, cha pili kwa imani, na cha tatu alifumba macho. Alipoyafumbua akaona vipande vyekundu vya lakiri pembeni mwa kisahani. Akavitazama kidogo, akatazama pembeni, akaomba kipande cha nne.

Alirudi wiki iliyofuata, kwa kuwa samansi ilikuwa na tarehe ya mwaka uliopita. Akala. Akarudi tena, kwa kuwa ile ya kurekebisha haikuwa na mhuri. Akala tena, na safari hii alipangusa chupa kwa kidole.

*

"Tumeshinda!" Wakili Ndekeja alipiga kelele hata kabla hajaketi. Alikuwa kijana, wakili asiye na ofisi, mwenye joho la kuazima na sauti ya muuza samaki, aliyekubali kesi ile kwa sababu alilelewa kwa samli ya Kwa Mng'aro. "Achari kwenye samli? Chupa yao ndiyo chafu! Tunatoa fungu lako la tatu, linapimwa upya, linakutwa samli tupu, sufuria linarudi. Haya, liko wapi?"

"Limeliwa."

"Na nani?"

"Na mgeni."

"Mgeni gani, Bi Mwanakombo?"

"Yule mwanangu aliyeleta samansi."

Wakili Ndekeja alikaa chini, pale pale, pasipo na kiti. Bi Mwanakombo alianza kulia, maana ndipo alipoelewa alichokifanya. Aliona keekee, aliona glavu nyeupe, alisikia bendi.

"Wakili, nimelitoboa mwenyewe sufuria langu."

Wakili aliinua uso. Alikuwa anatazama dari, midomo inachezacheza. Halafu akaanza kucheka, mwanzo taratibu, mwisho akashika mbavu.

"Usilie, mama," alisema. "Fungu lako halijapotea. Tunajua liliko."

*

Kesi ilitajwa baada ya miezi minane, jambo lililosifiwa kwa kasi yake. Hakimu alikuwa mzee mnene mwenye heshima zake, aliyeipenda kanuni kuliko pilau, na pilau aliipenda sana. Mwendesha Mashitaka wa Serikali, Bwana Kilua, alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Hakimu, kuna maadui wa nje na maadui wa ndani, lakini huyu ni adui wa ndani kabisa, wa ndani ya tumbo!" Akamnyooshea kidole Bi Mwanakombo, aliyekuwa anahangaika na uzi wa kanga. "Serikali ina cheti cha maabara. Cheti hakipingwi ila kwa fungu la tatu. Mshitakiwa alilete, au sufuria litobolewe."

"Fungu la pili, lile la mahakama, likoje?" aliuliza Hakimu.

Karani alisimama akaeleza kwamba Kielelezo B kilitumika kulainishia bawaba za mlango wa stoo ya vielelezo.

"Nilishangaa," alisema Hakimu. "Siku hizi haulii. Endelea, Wakili."

Wakili Ndekeja akainama kwa adabu. "Mheshimiwa, fungu la tatu lipo, na limo humu mahakamani. Limekaa benchi la mashahidi wa Serikali, limevaa shati la buluu."

Watu wote wakageuka. Bwana Shekue naye akageuka, akitafuta ni nani.

Alipoulizwa kama alikula alisema alionja. Alipoulizwa alionja mara ngapi akasema vipande kumi na kimoja. Bwana Kilua akaruka kama aliyekalia siafu.

"Mheshimiwa, hata kama alikula! Hiyo ni miezi minane! Samli hiyo ilishatoka zamani, kwa njia ambayo siwezi kuitaja mbele ya Mahakama!"

"Ilitoka?" Hakimu aliinua kichwa, na sauti yake ikapoa, dalili kwamba amefurahi. "Ilitoka kwa hati namba ngapi? Fungu la tatu ni mali ya Mahakama, Bwana Kilua. Mali ya Mahakama haitoki popote bila hati ya kutolea, yenye saini mbili. Ipo hiyo hati?"

Haikuwepo.

"Basi haijatoka. Mahakama inampokea Bwana Hemedi Shekue kama Kielelezo C. Apigwe lakiri."

"Lakini ni shahidi wangu!" alilia Bwana Kilua. "Ni shahidi wangu pekee!"

"Shahidi husema, kielelezo huonyeshwa," alisema Hakimu. "Hatuwezi kuwa na kielelezo kinachojitolea ushahidi, tutachekwa na nchi jirani."

Karani akamdondoshea lakiri kwenye kifungo cha shati na kumfunga kikaratasi mkononi. Akapelekwa stoo. Mlango ulifunguka bila kulia hata kidogo.

*

Bi Mwanakombo alifurahi mpaka alipofika nyumbani. Alipopakua chakula cha mchana, alikirudisha chunguni. Alimfikiria yule mtu kule stoo, katikati ya mapanga na baiskeli za wizi. Akafunga wali na samaki kwenye kikapu, akaenda.

Mtunza stoo, Mzee Likunda, alimzuia mlangoni. "Haiwezekani, Bi Mwanakombo. Kielelezo hakiongezwi kitu. Ukikipa wali na samaki unakichakachua."

"Ataishi vipi sasa?"

"Anapewa maji. Kanuni imeruhusu maji, yakiwa hayana kitu."

"Mama!" ilisikika sauti ndani. "Mama, ni wali wa nazi?"

"Wa nazi, mwanangu."

Kwikwi ikafuata. "Mama, mimi niko hapa na sufuria lako. Nimekaa nalo. Wallahi nalilinda." Ikaanza sentensi nyingine, "Lakini mama, hili sufuria..." na Mzee Likunda akapiga mlango kwa rungu, akisema vielelezo havizungumzi na washitakiwa.

Bi Mwanakombo alirudi na kikapu chake, amekasirika asijue amkasirikie nani. Mtu aliyemletea balaa alikuwa na njaa, na njaa yake ilimuuma yeye.

*

Siku ya pili Bwana Kilua aliingia mahakamani anatabasamu. Usiku kucha alikuwa amesoma sheria, na sheria ilikuwa imemjibu.

"Mheshimiwa, Serikali inakubali. Kielelezo C ndicho fungu la tatu. Serikali sasa inaomba kikapimwe. Na kwa kuwa hakuna kipimo bila sampuli, Serikali inaomba kielelezo hiki kichukuliwe sampuli kwa mujibu wa kifungu cha arobaini na moja."

"Yaani?" aliuliza Hakimu.

"Kigawanywe mafungu matatu yaliyo sawa."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu wa maabara amevaa aproni ya mpira. Alibeba mizani, futi kamba, ndoo tatu zenye vifuniko, maana kamati ya zabuni ilikuwa imeafikiana kuhusu ndoo, na msumeno wa buchani. Akamsimamisha Bwana Shekue, akampima kutoka utosini mpaka kisiginoni, akagawa kwa tatu kwenye karatasi. Akachora mstari kwa chaki chini ya kifua, na wa pili juu ya magoti. Akarudi nyuma akatazama kwa jicho moja, kama fundi cherehani.

"La katikati litazidi kidogo," alisema. "Lakini tutasawazisha."

Wakili Ndekeja aliyekuwa anacheka hakucheka tena. Bwana Shekue alifungua mdomo, Karani akamkumbusha kwamba ni kielelezo, akaufunga. Machozi yakawa yanamtoka tu, yakidondokea lakiri.

Hakimu alipekua kitabu mbele na nyuma. Alionekana anatafuta pa kutokea na hapaoni. "Kifungu kiko wazi," alisema polepole. "Ombi lina..."

"Hapana!"

Aliyesimama alikuwa Bi Mwanakombo. Wakili akamvuta kanga, akamponyoka.

"Mnataka kumkata mtu kwa samli? Mwacheni! Huyo kaingia kwangu kwa hodi, kavua viatu, kala mkate wangu, huyo ni mgeni wangu! Andikeni nina hatia. Andikeni nilitia embe, nilitia na mwembe wake! Chukueni sufuria mkalitoboe, mlitoboe mara kumi, lakini mtu huyo msimguse!"

Alisema, na aliposikia alichokisema, akaketi. Alikuwa amelitoa sufuria la mama yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Hapo ndipo Kielelezo C kilipopiga kelele.

"Chupa ilikuwa yangu! Ni chupa ya achari, ya nyumbani kwangu, sikuiosha, maji yalikatika! Mama aliniambia inanuka nikamjibu kanuni! Samli yake safi, jamani, nimeila mpaka nimepangusa chupa, safi tupu, hakuna mtu katika Wizara nzima aliye safi kama samli hiyo!"

"Yasiandikwe!" alifoka Bwana Kilua. "Kielelezo hakisemi!"

"Mahakama haiandiki kelele za vielelezo wala za washitakiwa," alikubali Hakimu, huku akipangusa jasho kwa tai. "Ila inaona kielelezo kimegoma kugawanywa. Bila kugawanywa hakuna sampuli. Bila sampuli hakuna kosa. Kesi imefutwa, vielelezo virudishwe kwa mwenyewe."

Watu walipiga vigelegele mpaka madirisha yakalia. Bi Mwanakombo alishika ukingo wa kizimba.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, Mahakama imesema samli yangu ni safi?"

"Mahakama haijasema hivyo."

"Imesema ni chafu?"

"Wala hivyo haijasema. Mahakama imesema haijulikani. Nenda kwa amani, mama. Na ukipika, usinisahau."

*

Stoo, Mzee Likunda alimpa Bi Mwanakombo daftari asaini mahali pawili: sufuria moja la shaba, afisa mmoja. Kwa kuwa vyote vilipokelewa kama mali yake, na amri ilisema virudishwe kwa mwenyewe, Bwana Shekue alikabidhiwa kwake kihalali, na kikaratasi mkononi. Wizara ilikuwa imeshamfuta kwenye orodha ya maofisa, kwa kuwa vielelezo havilipwi mshahara.

Halafu sufuria likatolewa.

Bi Mwanakombo aliliona kwa mbali akatabasamu, akanyoosha mikono. Lilipofika karibu akaona mwanga unapita chini yake. Katikati kabisa palikuwa na tundu, mviringo safi, la kuingia kidole gumba.

"Hili nini?" Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Mzee Likunda, hili nini? Si nimeshinda?"

Mzee Likunda alikuna kichwa. "Umeshinda, na tunakupongeza. Lakini sufuria hutobolewa siku linapoingia stoo, Bi Mwanakombo. Kule uwanjani wanazungusha keekee tu, tundu linakuwa lipo. Foleni ilikuwa kubwa mno, na kwa miaka kumi na minne hajatokea mtu akashinda. Nani angejua?"

"Na mimi nifanye nini?"

"Unaweza kulikatia rufaa tundu. Kuna fomu."

Hakuchukua fomu. Aliketi kwenye ngazi za mahakama, sufuria mapajani, akapitisha kidole kwenye ukingo wa lile tundu, akalia kilio ambacho hata Mzee Likunda alikwenda kusimama upande wa pili. Bwana Shekue alisimama karibu naye. Lile tundu ndilo alilotaka kumwambia siku ile, kutoka ndani ya stoo.

Mwisho alichuchumaa, akaligonga sufuria kwa ukucha, akasikiliza.

"Shaba yake nzima, mama," alisema. "Halijapasuka. Nipe nyundo."

"Kwanza ule," alijibu Bi Mwanakombo, akifuta macho kwa kanga. "Una siku mbili hujala."

*

Bwana Shekue aliliziba. Ilimchukua siku tatu, kwa kipande cha shaba na nyundo ya marehemu baba yake, na alipomaliza walitia maji wakangoja kutwa, halikudondosha hata tone. Ijumaa harufu ya samli ikatoka tena Kwa Mng'aro, na watu wa mtaa wa tatu wakasahau tena walikokuwa wanakwenda.

Wiki iliyofuata akaja mwanamke mmoja na sufuria la maandazi lenye tundu katikati, amelifunika kwa upande wa kanga kama mtu anayeficha mgonjwa. Akafuata wa sufuria la supu. Akafuata wa kikaango. Baada ya mwezi foleni ilizunguka kona: masufuria ya miaka kumi na minne, yote yana tundu lile lile la keekee ile ile, na Bwana Shekue amekaa barazani anagonga, kikaratasi cha KIELELEZO C bado kinaning'inia mkononi mwake. Bi Mwanakombo alipita na sinia, anagawa mkate.

Wizara ikaiona foleni, na haikupenda. Ikamtuma afisa mpya, mkakamavu, viatu vinang'aa, na mkoba wenye ndoo tatu, aje achukue sampuli za viraka. Alifika saa saba mchana, jua la utosi, akapiga hodi.

Bi Mwanakombo alitoka akimfunulia uso wa furaha. Akamvutia kiti kivulini, akapangusa kiti kwa kanga.

"Karibu, mwanangu, karibu sana. Umekula?"

Yule afisa akatazama sinia. Akatazama samli inavyoyeyuka juu ya mkate wa moto, akameza mate. Kisha akamtazama Bwana Shekue, na kile kikaratasi mkononi, na ule mstari wa chaki chini ya kifua uliokataa kutoka kwenye shati.

"Ahsante, mama," alisema, akirudi nyuma na ndoo zake. "Nimefunga."

Ilikuwa Jumatano tu, mwezi usio na mfungo wowote.